Dizaina ukikauka mawazo, usianze kwa kuangalia dizaini za watu

Hali yenyewe unaijua. Kazi imeingia, mteja kakupa siku nne, umefungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta na kichwa nacho cheupe vilevile, basi unafanya kile tunachofanya wote, unafungua Pinterest au Behance, mitandao ambako watu wanaweka picha na dizaini zao, unaanza kushusha na kidole, logo baada ya logo, bango baada ya bango, unasevu hii unasevu ile, ukija kushtuka masaa mawili yamekwisha na unajisikia vibaya kuliko ulivyoanza, kwasababu kila ulichoona ni kizuri na wewe mkononi huna kitu. Alafu unaanza kuchora. Na unachochora kinafanana na kile cha tatu ulichosevu, rangi zilezile, fonti ileile, na wala hukukusudia.

Mimi nimeishi hivyo kwa muda mrefu. Iliyoniuma zaidi ni siku mteja aliangalia logo niliyoikesha, akanyamaza kidogo, akasema taratibu "hii kama nimeshaiona mahali". Hakuwa na ubaya kabisa. Nikarudi kwenye folda yangu ya vitu nilivyosevu nikaikuta, sio yenyewe lakini ndugu yake wa tumbo moja. Tangu siku ile nikabadilisha mahali ninapochota mawazo, na ndo hicho nataka nikueleze hapa kwa urefu, maana naona vijana wengi wazuri wanakata tamaa wakidhani hawana kipaji, kumbe wanateka maji kwenye kisima kimoja ambacho kila mtu anateka.

Na hili sio la kwangu peke yangu. Mwaka 1991 watafiti wawili, Jansson na Smith, walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili. Waliwapa watu kazi za kubuni vitu, kundi moja likaonyeshwa mfano kabla ya kuanza na kundi jingine halikuonyeshwa. Kazi mojawapo ilikuwa kubuni kikombe cha kahawa kisichomwaga, na maelekezo yalikataza kutumia mrija. Mfano wenyewe ulikuwa na mrija. Sasa wale waliouona mfano wakaweka mrija kwenye michoro yao zaidi ya wale ambao hawakuuona, na wameshaambiwa wasiweke! Yaani jicho likishameza kitu mkono unakitoa tu, hata ukiukataza. Kwahiyo sisemi usiangalie kazi za wenzako, ziangalie sana, ila nasemea mpangilio. Zije mwishoni.

Kwanza geuza kazi iwe kitenzi

Hii ndo hatua ninayoiamini kuliko zote, na ukichukua hii peke yake ukaacha mengine mimi nitaridhika. Chukua maelezo ya mteja, usiandike "logo ya kampuni ya kusafirisha mizigo", kwasababu ukishaandika hivyo kichwani tayari kuna lori, kuna mshale na kuna dunia imezungukwa na mstari. Jiulize hawa watu wanafanya nini hasa, alafu andika kitenzi. Wanafikisha. Ongeza neno moja au mawili: wanafikisha kitu kikiwa kizima.

Haya, sasa jiulize ni wapi kwingine duniani kitu kinafikishwa kikiwa kizima. Hapo mlango unafunguka. Yai. Mbegu ndani ya tunda. Barua iliyofungwa kwa nta. Paka anayembeba mtoto wake kwa ngozi ya shingo, meno yaleyale yanayoua panya yanashika mtoto bila kumchubua. Umeona? Hapo kwenye paka kuna logo, kuna hadithi, na kuna kitu mteja ataweza kumsimulia mtu mwingine kwa sentensi moja, na hujafungua intaneti hata kidogo.

Ukiangalia vizuri kazi kubwa nyingi zilipita njia hii. Ramani ya treni za chini ya ardhi za London tunayoijua, ile ya mistari iliyonyooka na kona za nyuzi 45, iliwazwa na Harry Beck mwaka 1931. Huyu alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi, saketi za umeme alikuwa anazifahamu. Wengine walikuwa wanachora ramani, na ramani inasema kitu kiko wapi. Yeye akaona abiria akiwa chini ya ardhi hahitaji kujua mto umepinda wapi, anahitaji kujua hii inaungana na ile wapi, na kitenzi hicho, kuunganisha, kinaishi kwenye mchoro wa saketi. Mwanzoni wenye treni walimkatalia, wakaona amezidisha. Ikachapwa kwa majaribio mwaka 1933 na abiria wakaipenda, na leo miji kibao duniani inachora treni zake kwa mtindo huo.

Au mhandisi wa treni za mwendo kasi za Japani, Eiji Nakatsu. Treni ikiingia kwenye handaki kwa kasi ilikuwa inasukuma hewa mbele yake mpaka upande wa pili unatoka mshindo unaosumbua watu. Kitenzi: kupenya bila kishindo. Nakatsu alikuwa mpenzi wa kuangalia ndege, na akamkumbuka mdiria, yule ndege mvuvi anayejirusha kutoka hewani mpaka majini na maji hayaruki sana. Pua ya treni aina ya 500, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1997 ikikimbia kilomita 300 kwa saa, ikachongwa kwa kufuata mdomo wa ndege huyo. Angeangalia treni nyingine asingempata mdiria.

Sasa kitu cha kushika hapa, Nakatsu hakuchora ndege ubavuni mwa treni. Alichochukua ni namna mdomo ule unavyofanya kazi. Hii ndo tofauti ya kuchota na kubandika, na wengi tunakosea hapa, tunaenda kwa nyuki tunarudi na picha ya nyuki. Ukienda kwenye kitu rudi na namna kinavyofanya kazi, sura yake iache hukohuko.

Alafu kaa na kitu kimoja, kaa kweli

Ukishapata sehemu ya kuangalia, chagua kitu kimoja tu na ukikalie dakika ishirini. Najua dakika ishirini zinaonekana nyingi, na ni kweli, dakika tano za kwanza utaona kile unachokijua tayari, ya saba hivi utachoka, utataka simu. Usiishike. Kuanzia hapo ndo jicho linaanza kazi.

Nikupe mfano wa kwangu. Nilikuwa na kazi ya kifungashio, nimekauka kabisa, na chini ya meza kulikuwa na boksi la kaki la kawaida lililokuja na mzigo. Nikachukua kisu nikakata gundi, nikalikunjua lote likalala sakafuni. Likilala hivyo halifanani na boksi tena, lina mabawa manne juu na manne chini na ukanda mwembamba pembeni wa kugundishia ambao sijawahi kuuona maishani kwasababu siku zote umejificha ndani. Pembeni ukilichungulia kuna karatasi mbili na katikati yake mawimbi, na ndo hayo mawimbi yanabeba uzito wote. Wino ulikuwa mmoja tu, mweusi, na kwenye kingo za herufi ulikuwa umesambaa kidogo kwasababu kaki inanyonya, kwahiyo aliyebuni alinenepesha herufi na kuziachia nafasi zisije zikashikana. Kuna picha ya glasi, maana yake kinavunjika. Mwavuli, kisilowe. Mishale miwili, upande huu juu. Hamna neno hata moja, na mbeba mizigo wa bandari yoyote anaelewa. Na pale mkunjo ulipopita juu ya mchoro, mstari ulikuwa umekatika, nusu iko kwenye bawa hili na nusu kwenye bawa lile, ukilifunga boksi zinakutana.

Hapo hapo. Mchoro unaokatika kwenye mkunjo na kuungana ukifunga. Ndo kifungashio nilichopeleka, rangi moja, mchoro mmoja uliogawanyika kwenye mifuniko miwili, mteja akawa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, hajasema neno na anatabasamu. Sijui kama ningekipata kwenye skrini, maana kwenye skrini vifungashio vyote vimeshafungwa na vimepigwa picha vikiwa vizuri.

Wakati unaangalia, chora kwa mkono. Usiniambie hujui kuchora, hakuna atakayeona, na mchoro wenyewe utautupa ukitaka. Faida ni kwamba ukichora unalazimika kujua mstari huu unaishia wapi na unakutana na nini, wakati ukipiga picha na simu unakuwa umeshamaliza kabla ya kuona. Andika pembeni pia, maneno machache, "wino umesambaa", "ukanda umejificha". Hayo maneno baadae yana thamani kuliko picha.

Na usidharau vitu vinavyokukera. William Morris, dizaina wa vitambaa wa Uingereza, alikuwa na bustani ya stroberi, ndege wakawa wanapenya chini ya nyavu wanaiba matunda, badala ya kuwafukuza akawaangalia, na mwaka 1883 wakatokea kwenye kitambaa chake kinachojulikana kwa jina la mwizi wa stroberi, ndege na tunda mdomoni. Mpaka leo kitambaa hicho kinachapwa.

Wapi pa kuchota

Kwa mafundi. Hapa sina maneno mengi ila nina msisitizo: nenda kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono ambayo haihusiani na yako, mshonaji, fundi saa, seremala, muuza vipuri, omba ruhusa ukae uangalie, na muulize majina. Kila sehemu ya kitu ina jina kwa anayeitengeneza, na mara nyingi jina lenyewe ni wazo. Muulize pia nini huwa kinaharibika kwanza, hilo swali linafungua mdomo wa fundi yeyote.

Kwenye makumbusho, na huku sio lazima usafiri. Watu wengi hawajui kwamba makumbusho makubwa yameweka picha zao bure mtandaoni, za ubora mkubwa, na nyingi unaruhusiwa kuzitumia hata kwa biashara. Rijksmuseum ya Amsterdam ilianza mapema, Metropolitan Museum of Art ya New York ikafungua picha zaidi ya 375,000 mwaka 2017, Smithsonian ya Marekani ikafungua milioni 2.8 mwaka 2020. Kuna na Biodiversity Heritage Library, huko ni vitabu vya zamani vya mimea na wanyama na michoro yake ni ya kukalisha mtu kimya. Cha kuzingatia, angalia alama ya haki kwenye kila picha moja moja, kwasababu sio zote ziko huru.

Ila namna ya kutafuta ndo siri. Ukiandika "bango" utaletewa mabango na umerudi palepale. Andika kitu kinachofanya kitenzi chako. Kama kitenzi ni kulinda, tafuta kufuli, kofia ya vita, ganda la konokono, muhuri. Andika kwa Kiingereza maana ndo walivyoviorodhesha. Nenda na karne usiyoijua na nchi usiyoijua, usiende kwenye kile ambacho tayari kinakupendeza.

Na alama za kazi nyingine. Marubani wana zao, mabaharia wana zao, wataalamu wa hali ya hewa, wanaoandika noti za muziki, wanaochora ramani. Susan Kare, dizaina wa Apple, alipokuwa anatengeneza aikoni, yaani vile vijipicha vya kubonyeza, za kompyuta ya Macintosh ya kwanza iliyotoka mwaka 1984 alihitaji alama ya kitufe cha amri (Command), nembo ya Apple ilikuwa imejaa mno kwenye menyu, akapekua kamusi ya alama na kukuta ile yenye vitanzi vinne kwenye kona, ambayo huko Skandinavia inawekwa barabarani kuonyesha mahali pa kuvutia kutembelea. Mpaka leo ipo kwenye kibodi za Mac. Alama ya barabarani imehamia kwenye kibodi na imekaa kama imezaliwa pale.

Iga kwa mkono, ila usiuze

Kuna watu watakwambia usiige kabisa. Mimi sikubaliani. Mwaka 1887 mchoraji Vincent van Gogh akiwa Paris alichukua picha za kuchapa za Hiroshige, msanii wa Japani, akazinakili kwa rangi za mafuta, mojawapo ni ile ya daraja kwenye mvua ambapo mvua yote ni mistari myembamba tu. Alikuwa anajifunza macho ya mtu mwingine. Ukinakili kwa mkono kitu kilichokuvutia, mstari kwa mstari, unagundua aliacha wapi nafasi, alikata wapi picha, kwanini rangi hii ipo mara moja tu, vitu ambavyo ukisevu skrinshoti huvioni. Ukimaliza, andika sentensi moja ya ulichojifunza, alafu nakala iweke kabatini. Isiende kwa mteja, isiende kwenye portifolio bila kusema ni nakala.

Jifunge mikono

Uhuru mwingi unaua. Nikiwa na rangi zote na fonti elfu mbili ndo siku sitoi kitu. Kwahiyo najiwekea sheria kabla sijaanza: rangi moja, au fonti moja kwa ukubwa mmoja, au maumbo ya duara peke yake, na muda, dakika arobaini. Kare tena, aikoni zake zilikuwa na vijisanduku 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe, hamna kijivu, alizichora kwenye karatasi ya vijisanduku na akawa anasema kazi ile inafanana na mozeki na kudarizi, fani za zamani ambazo mtu anajenga picha kwa vipande vidogo. Ufinyu wenyewe ndo uliomwelekeza pa kuangalia. Ukijifunga fanya kweli, usijiruhusu "rangi moja na kijivu kidogo", hapo umeshafungua kamba.

Akiba yako

Una skrinshoti ngapi kwenye simu? Na ni lini mara ya mwisho ulizirudia? Akiba isiyo na maelezo ni jalala. Mimi siku hizi sihifadhi kitu bila kuandika chini yake kwanini nimekihifadhi, na sio "nzuri sana", andika kinachofanya iwe nzuri: "kichwa cha habari kiko chini kabisa na bado nimekisoma kwanza". Nikishindwa kuandika sentensi hiyo sihifadhi. Vimepungua sana na vyote natumia. Panga kwa vitenzi pia, kulinda, kuunganisha, kupenya, kubeba, kuficha, usipange kwa "logo" na "mabango", kwasababu siku ya kazi utakuwa na kitenzi mkononi.

Na kabla sijasahau, kama hujalala siku mbili hakuna hatua hata moja hapa itakusaidia. Kuchoka na kukauka vinafanana sana kwa nje. Lala kwanza, tembea bila kuvaa spika masikioni, alafu ndo uamue kama umekauka.

Kurudi mezani

Sasa una kitenzi, una kurasa mbili tatu za daftari. Funga daftari. Chora michoro ishirini midogo, kila mmoja kama stempu, kwa kumbukumbu tu, bila kuangalia ulichochora kule. Kichwa kitakuwa kimeshatupa yasiyo na maana na kubakisha machache, na hayo machache yanaanza kuchanganyika na mambo yako mwenyewe. Mitano ya kwanza itakuwa ile ambayo kila mtu angechora, ipitishe tu usibishane nayo. Kuanzia ya kumi na mbili hivi utaanza kusumbuka na hapo usiache.

Chagua mitatu, ikuze, alafu sasa ndo ufungue intaneti. Angalia washindani wa mteja wamefanya nini, piga picha mchoro wako utafute kwa picha kwenye Google uone kama kuna kinachofanana. Ukikikuta usifute kila kitu kwa hasira. Angalia ni sehemu gani hasa imefanana, ni umbo, ni rangi, au ni wazo lenyewe. Kama ni umbo au rangi, badilisha hiyo sehemu tu. Kama ni wazo, rudi kwenye kitenzi kilekile na uchague kitu kingine kinachokifanya, kuna yai, kuna mbegu na kuna barua bado hujaziangalia.